Shemita, mwaka wa saba wa Wayahudi: mkulima anafanya nini hasa, na madeni yanafutwaje?

Darasa_la_Walawi

Wakuu, salaam. Darasa letu la Biblia limefika Walawi 25 na Kumbukumbu la Torati 15, na maswali ya wanafunzi yamevuka yaliyoandikwa. Maandiko yanaagiza nchi ipumzike mwaka wa saba, na kila mkopeshaji afanye maachilio. Tunachotaka kujua ni jinsi Wayahudi wanavyoitekeleza amri hii leo.

Mkulima wa Israeli anakaa bure mwaka mzima? Miti yake ikianza kukauka afanye nini? Watu wa mjini wanakula mboga gani? Wengine darasani wanasema shabaha ni kuurudishia udongo rutuba, kama tunavyoliacha shamba lilale. Ni kweli? Na kama madeni yanafutwa, nani atakubali kukopesha mwaka wa sita? Mwisho, Abayudaya, jamii ya Wayahudi wa Mbale kule Uganda, kahawa na migomba yao nayo hupumzika? Naombeni majibu yenye tarehe na taratibu zenyewe.

Shamba_na_Sheria

Mleta mada, nianze na kalenda. Chukua mwaka wa Kiyahudi, ugawanye kwa 7. Usipobakiza kitu, huo ni mwaka wa shemita. Uliopita ulikuwa 5782, ulioisha machweo ya 25 Septemba 2022. Unaokuja ni 5789: unaanza machweo ya 20 Septemba 2028 na kwisha machweo ya 9 Septemba 2029.

Kazi zilizotajwa wazi katika Torati ni nne: kupanda, kupogoa, kuvuna nafaka na kuchuma zabibu. Kulima kwa jembe kumekatazwa pia. Marabi wakaongeza kazi nyingine zinazoifanya mimea istawi zaidi: kutia samadi, kupalilia, kuokota mawe ili kuandaa shamba, kupandikiza vikonyo. Kuvuna nako hakujakatazwa moja kwa moja. Kilichokatazwa ni mwenye shamba kuvuna kama mwenye mali, shamba zima, kwa vyombo vyake vya biashara. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi, katika sura ya 8 ya kitabu cha Sheviiti inatoa mifano mizuri: tini zisikatwe kwa kisu chake maalumu, zabibu zikanyagwe katika hori na si katika shinikizo, zeituni zisipelekwe kwenye kinu kikubwa. Chuma kiasi cha kula nyumbani, na uchume kwa namna inayokukumbusha kwamba mwaka huu shamba si lako.

Kuhusu mti unaokauka, kanuni ni hii: kazi ya kuuokoa mti usife inaruhusiwa, kazi ya kuuboresha hairuhusiwi. Kwa hiyo bustani ya michungwa humwagiliwa, ila kwa kiasi cha kuiweka hai. Kama mti unaweza kusubiri siku kumi bila kudhurika, haumwagiliwi kila baada ya tatu. Kupulizia dawa ya wadudu ni sawa pale wadudu wanapoutishia mti. Magugu yakiwa mengi kiasi cha kuua miche, hufyekwa juu ya ardhi, hayang'olewi na mizizi, kwa sababu kung'oa kunaulainisha udongo na hapo umekwishalima. Mbolea hutiwa kabla ya mwaka kuanza, na hapo hupendelewa ile inayoyeyuka polepole.

Penye shida kubwa ni shamba la mizabibu. Mzabibu usipopogolewa majira ya baridi hutoa vishada vingi vidogo visivyo na ladha, matawi yanasongamana, na hasara inahamia mwaka wa nane. Kupogoa ni katazo la Torati yenyewe, kwa hiyo hakuna mlango mpana hapa. Wapo marabi wanaoruhusu kukata kwa namna iliyo tofauti na ya kawaida, pale tu mmea wenyewe utakapoharibika, na mkulima haamui peke yake. Rabi anayejua kilimo huja shambani kuangalia.

Anayetaka kupanda miche ya matunda hufanya hivyo siku 44 kabla ya mwaka mpya, yaani mwanzoni mwa Agosti 2028. Siku 14 ni za mche kushika mizizi na 30 huhesabiwa kama mwaka mmoja wa umri wake. Ukipanda siku ya 20 kabla, hesabu ya umri wa mti inaangukia ndani ya mwaka wa saba, na mtu anayeihesabu baadaye atadhani ulipandwa humo.

Sasa la udongo. Ni kweli Maimonide, mwanasheria mkubwa wa Kiyahudi wa zama za kati, aligusia kwamba nchi ikilala huzaa zaidi, na hakuna ubaya kulisema. Lakini soma Kutoka 23:11 tena: shamba liachwe ili maskini wa watu wale, na watakachosaza waliwe na wanyama wa mwituni. Mazao ya mwaka huo ni mali isiyo na mwenyewe. Mwenye shamba anatakiwa kuacha lango wazi, na anaweza kuweka kibao cha kuelekeza watu waingilie wapi. Yeye anaingia kuchuma kama jirani yeyote. Kama shabaha ingekuwa rutuba tu, amri ya kufungua uzio ingekuwa ya nini? Na deni la fedha lina rutuba gani? Kwa maoni yangu hiki ndicho kiini cha shemita: mwenye nchi anaambiwa kwa vitendo kwamba yeye ni mpangaji. Mafundisho mengi huishia kwenye neno "pumziko" na kuliacha hili nje, na linaumiza.

Kapu_la_Sokoni

Shamba_na_Sheria amemaliza upande wa mkulima. Upande wa mlaji una ugumu wake, kwa sababu tarehe hazifanani.

Mboga huhesabiwa kwa siku ya kung'olewa. Nyanya iliyochumwa baada ya machweo ya 20 Septemba 2028 tayari ni ya mwaka wa saba. Matunda ya miti huhesabiwa tangu tunda linapofunga. Machungwa yatakayoliwa Januari 2029 yalifunga masika ya 2028, kwa hiyo ni ya mwaka wa sita na hayana sharti lolote. Lakini yatakayofunga masika ya 2029 na kuchumwa Januari 2030 ni ya mwaka wa saba, ingawa mwaka wenyewe umekwisha miezi minne nyuma. Nafaka, zabibu na zeituni zina kipimo chake: kufikia theluthi moja ya ukuaji. Ndiyo maana divai ya mavuno ya 2029 itakuwa madukani miaka kadhaa baadaye ikiwa bado ina masharti. Wageni wengi hukosea hapa: wanakuwa makini mwaka wa saba, halafu mwaka wa nane wanapumua, wakati ndio kwanza matunda yanaingia.

Kosa la pili ni kudhani mboga iliyojiotea ni halali kwa sababu hakuna aliyeipanda. Kwa Torati ingekuwa halali. Lakini kulikuwa na watu waliopanda usiku na kusema asubuhi "haya ni maotea," basi marabi wakayapiga marufuku maotea yote ya mimea ya msimu, yaani mboga, nafaka na kunde. Matunda ya miti hayakuingia katika marufuku hii, maana mti huzaa bila kupandwa upya.

Basi mjini watu hula nini? Njia ni kadhaa, na huko Israeli utaziona zimeandikwa kwenye vibao vya maduka ya mboga.

Kuna mazao ya wakulima wasio Wayahudi. Rabi Yosef Karo alisema hayana utakatifu wa mwaka wa saba, na Yerusalemu ndivyo wanavyofuata. Rabi Moshe wa Trani, aliyeishi Safed zama hizohizo, alisema yanao, na mji wa Bnei Brak wanamfuata huyu kwa sababu ndivyo alivyoamua rabi wao maarufu, Chazon Ish. Kuna mazao ya Arava ya kusini, nje ya mipaka ya waliorudi kutoka Babeli. Kuna yanayoagizwa kutoka nje. Kuna pia yanayokuzwa ndani ya kitalu-nyumba bila kugusa ardhi: sakafu inafunikwa kwa plastiki nene, mimea inakaa kwenye vyombo visivyo na tundu, na juu pana paa. Vyote viwili vinatakiwa, paa na sakafu. Plastiki ikichanika na mizizi ikapenya hadi ardhini, mmea umeungana na nchi, na wakaguzi hupita kutafuta hilo hasa.

Halafu kuna ghala la mahakama ya marabi, otzar beit din, lililotajwa katika Tosefta, mkusanyo wa nyongeza za Mishna. Kabla ya mavuno mkulima anasaini kwamba shamba ameliachia mahakama. Mahakama inamwajiri yeye mwenyewe kuvuna, kupanga na kusafirisha, kisha matunda yanagawiwa katika vituo. Mlaji analipia kazi, maji na usafiri; tunda lenyewe halina bei. Mimi naona hii ndiyo njia iliyo karibu zaidi na nia ya Torati, kwa sababu mkulima hafi njaa na tunda linabaki la wote. Udhaifu wake ni hesabu. Gharama zikikadiriwa ovyo, bei inalingana na ya sokoni, na wanunuzi wanauliza kwa haki nini kimebadilika. Mahakama inayojiheshimu huonyesha mchanganuo wa gharama.

Darasa_la_Walawi

Shukrani sana wakuu. "Utakatifu wa mwaka wa saba" ndani ya jiko unamaanisha nini? Na nimesikia habari za kuuza ardhi kwa asiye Myahudi. Hiyo ikoje?

Kapu_la_Sokoni

Jikoni: tunda lenye utakatifu huliwa kwa namna yake ya kawaida. Kinacholiwa kibichi hakipikwi, na kinachopikwa hakiliwi kibichi. Chakula cha watu hakilishwi mifugo, ingawa mnyama akijiendea mwenyewe na kula hazuiwi. Mafuta ya zeituni unaweza kula, kujipaka au kuwashia taa, lakini hayatumiki kama dawa. Divai ya ibada ya kufunga Sabato haijazwi hadi ikamwagika, ingawa miaka mingine ndiyo desturi.

Maganda na mabaki ambayo bado yanaweza kuliwa hayatupwi kwenye takataka. Yanawekwa kwenye mfuko, mfuko unafungwa na kuingizwa katika chombo maalumu hadi yaoze. Yakishaoza yanatupwa kama taka nyingine. Tumia mfuko mpya kila siku. Ukiweka maganda ya leo juu ya ya jana yaliyoanza kuoza, umeyaharibu kwa mkono wako, na hilo ndilo linalokatazwa. Ganda la ndizi, ambalo huko hakuna alaye, halina haja ya haya yote. Ugali au wali uliobaki na kuchanganyika na mchuzi wa mboga hizo una hukumu ileile ya mboga, kwa hiyo pakua kidogo.

Biashara hairuhusiwi, na fedha iliyolipia tunda hilo inashika utakatifu wake. Hii ndiyo sababu wengi hununua kwa mkopo na kulipa baadaye, tunda likiwa limekwisha kuliwa. Pia kila tunda lina wakati wake wa kuondolewa nyumbani, pale linapokwisha shambani na mnyama wa porini halipati tena. Talmudi, mjadala wa marabi juu ya Mishna, inaweka mipaka kwa sikukuu za Kiyahudi: tini hadi Hanuka, tende hadi Purimu, zabibu hadi Pasaka na zeituni hadi Shavuoti, yote katika mwaka wa nane. Siku ikifika, unabakiza chakula cha milo mitatu kwa kila mtu wa nyumbani, kinachozidi unakitoa nje na kutangaza mbele ya watu watatu kwamba hakina mwenyewe. Wakiondoka bila kukitwaa, unaweza kukichukua tena. Anayekificha ndani bila kutangaza hupoteza ruhusa ya kukila.

Shamba_na_Sheria

La kuuza ardhi linaitwa heter mekhira. Lilianza kuelekea shemita ya 1888–89, vijiji vya kwanza vya wakulima wa Kiyahudi vilipokuwa bado vichanga na mwaka mmoja bila mavuno ungeviua. Rabi Yitzchak Elchanan Spektor wa Kovno aliruhusu ardhi iuzwe kwa asiye Myahudi kwa muda, na kazi zilizokatazwa na Torati zifanywe na wasio Wayahudi. Marabi wa Yerusalemu walipinga, na mkuu wa chuo cha Volozhin, anayejulikana kama Netziv, naye akapinga. Shemita ya 1909–10 Rabi Kook, wakati huo rabi wa Jaffa, aliitetea ruhusa hiyo kwa kina, na mpinzani wake mkubwa alikuwa rabi wa Safed aliyejulikana kama Ridbaz.

Kwa utaratibu wa sasa mkulima anatoa hati ya kuipa Baraza Kuu la Marabi mamlaka ya kuuza kwa niaba yake. Hoja za kupinga ni mbili. Kwanza, Kumbukumbu la Torati 7:2 inafasiriwa kukataza kumpa asiye Myahudi makao katika nchi. Pili, je, ni mauzo ya kweli ikiwa pande zote zinajua shamba litarudi? Hoja ya kutetea inasimama juu ya jambo moja ambalo wengi hawalijui: kwa marabi walio wengi, shemita ya leo ni amri ya marabi, kwa kuwa Wayahudi wengi hawakai katika nchi yao na mwaka wa yubile hauhesabiwi. Penye amri ya marabi na dhiki kubwa, kuna nafasi ya kulegeza.

Ubishi huo haujaisha. Mwaka 2007 baadhi ya marabi wa miji walikataa kutoa vyeti vya chakula halali kwa maduka yanayouza mazao ya ruhusa hii, na Mahakama Kuu ya Israeli ikaamua kwamba Baraza Kuu haliwezi kuwaacha wafanye hivyo. Rabi Kook mwenyewe aliita ruhusa hii hatua ya lazima, na alitamani siku ambayo haitahitajika. Wanaoitumia kama jambo la kawaida bila hamu hiyo, kwa maoni yangu, wamechukua nusu ya maneno yake.

Hati_na_Dhamana

Mimi nishike madeni. Mleta mada ameuliza swali lilelile alilokumbana nalo Hileli, mwalimu mkuu wa kale wa Kiyahudi.

Deni hufutwa mwisho wa mwaka wa saba, si mwanzo. Kwa mzunguko huu ni machweo ya 9 Septemba 2029. Si kila deni. Mkopo ambao muda wake wa kulipwa haujafika siku hiyo haufutiki, maana mkopeshaji hana haki ya kuudai bado. Mshahara haufutiki, wala deni la dukani, isipokuwa pande mbili zimekwisha kuligeuza kuwa mkopo. Mkopo wenye rehani mkononi haufutiki. Na deni ambalo limekwisha kukabidhiwa mahakama halifutiki.

Hilo la mwisho ndilo mlango. Hileli aliona watu wanaacha kukopeshana kadiri mwaka wa saba unavyokaribia, kinyume na onyo la Kumbukumbu la Torati 15:9. Akaweka hati iitwayo prozbuli. Mkopeshaji anatamka mbele ya majaji watatu: "Nawakabidhi ninyi kila deni ninalodai, nilikusanye wakati wowote nitakao." Majaji au mashahidi wanatia saini. Kuanzia hapo anayedai si mtu binafsi.

Yanayoharibika ni haya. Hati hulinda mikopo iliyotolewa kabla ya tarehe yake tu. Ukiiandika Julai na kukopesha Agosti, mkopo wa Agosti uko nje. Ndiyo maana wengi huiandika siku za mwisho za Eluli, mwezi wa mwisho kabla ya mwaka mpya. Jambo la pili ni ardhi: prozbuli haiandikwi isipokuwa mdaiwa ana kipande cha ardhi, hata kidogo kabisa. Chungu chenye tundu kilichokaa chini kinatosha. Kama hana kitu, mkopeshaji anampa kipande kidogo chake. Na wanawake wanaokopesha wamo katika sheria hii kama wanaume, jambo ambalo familia nyingi hulisahau.

Mdaiwa akija kulipa baada ya kufutwa, mkopeshaji lazima aseme, "Nimeachilia." Mdaiwa akijibu, "Hata hivyo," basi aipokee. Mishna inaongeza kwamba roho ya wenye hekima humfurahia anayelipa deni lake mwaka wa saba ingawa limefutwa. Mzigo uko pande zote mbili: mmoja anatakiwa kuachilia kwa moyo, mwingine anasifiwa akilipa kwa moyo.

Sheria hii haikubaki vitabuni. Katika mapango ya Wadi Murabbaat, jangwani Yudea, ilipatikana hati ya mkopo ya mwaka wa pili wa Kaisari Nero, na ndani yake mdaiwa anaahidi kulipa hata kama ni mwaka wa shemita. Na 1 Makabayo 6:49 inaeleza kwamba watetezi wa Beth-suri waliusalimisha mji kwa kukosa chakula, kwa kuwa ulikuwa mwaka wa nchi kupumzika.

Kuhusu Abayudaya: amri zinazotegemea ardhi zinaihusu Nchi ya Israeli peke yake. Kahawa na migomba ya Mbale haipumziki, na jirani haruhusiwi kuingia shambani mwao kuchuma. Kufutwa kwa madeni ni wajibu wa mtu mwenyewe, kwa hiyo kunamfuata Myahudi popote, Mbale, Nairobi au London, na prozbuli inaandikwa hukohuko.

Darasa_la_Walawi

Nimeelewa. Swali la mwisho: je, kuna tunda lolote la shemita linaloweza kuwafikia walio nje?

Kapu_la_Sokoni

Lipo: etrogi, lile la jamii ya malimau linaloshikwa Sikukuu ya Vibanda. Kutoa mazao ya mwaka wa saba nje ya nchi kumekatazwa, ila wapo marabi wanaoruhusu etrogi kwa ajili ya sikukuu. Litakaloshikwa Septemba 2029 lilifunga ndani ya mwaka wa saba, kwa hiyo lina utakatifu wote. Halinunuliwi kwa bei yake. Mishna, Suka 3:11, inasema ununue kuti la mtende, na etrogi upewe zawadi. Sikukuu ikiisha lisitupwe jaani wala kupewa watoto walichezee. Lipikie jamu uile, kisha maganda na mbegu zinazolika uzifunge kwenye mfuko hadi zioze. Usipotaka kupika, liweke kando lijikaukie.